Kinyunya Juu ya Mlango

Jumamosi, 4 Januari

Nimenunua daftari leo. Mtu anayepanga harusi ya majira ya baridi lazima aandike, la sivyo watakaokuja baadaye watadhani mambo yalijipanga yenyewe.

Mambo yenyewe ni haya. Mwanangu Ramzi anafanya kazi Kuweti. Likizo yake ni Januari, wiki mbili na siku chache. Kwaresima ikishaanza hakuna padri wa kumfungisha ndoa. Kwa hiyo harusi ni Jumapili ya tarehe 26, theluji ipende isipende. Mke wangu Najla alitaka Agosti kama watu wote. Nikamwambia Agosti hata punda wanaoa.

Jioni mchumba wa Ramzi, Rindala, alipiga simu kutoka kwao Batrun, mji wa pwani. Binti mwenye adabu, anauza dawa, amesoma. Akasema, ami, ukumbi, maua na chakula nimewaachia ninyi. Naomba kitu kimoja tu. Kinyunya changu kishike.

Alikuwa na haki ya kuomba. Huku kwetu bibi harusi haingii nyumba ya mume mikono mitupu. Anapewa donge la unga uliotiwa chachu, analibandika kwa kiganja juu ya mlango, mbele ya watu wote. Likishika, nyumba imempokea. Likianguka, basi tena. Dada yake Rindala, Mirna, kilimwangukia. Baada ya miaka miwili Mirna alirudi kwao na masanduku yake. Rindala akasema yeye haamini mambo hayo. Kisha akasema, lakini ami, mama yangu atakuwa amesimama pale akitazama.

Nikamwambia, binti yangu, hilo niachie mimi.

Najla alikuwa anachambua dengu. Akaacha kuchambua.

Najua alichofikiri. Miaka thelathini na tatu iliyopita, kwenye mlango huu huu, kinyunya cha Najla kilianguka kabla hajashusha mkono. Tangu hapo mbuzi akifa, kinyunya. Kisima kikikauka, kinyunya. Watu wanasema ana mkono baridi. Mimi sijamlaumu hata siku moja. Nilimsamehe zamani, na nimemkumbusha mara nyingi kwamba nilimsamehe.

Jumapili, 5 Januari

Mpango umepatikana. Leo ni mkesha wa Epifania. Usiku huu Bwana hupita. Ukikanda unga kwa maji matupu bila chachu, ukaufunga kwenye kitambaa cheupe na kuutundika juu ya mti, asubuhi unaukuta umeumuka wenyewe. Hiyo ndiyo chachu ya mwaka mzima. Kinyunya cha Rindala kikiumuliwa kwa chachu ya namna hiyo, nani atakiangusha?

Nikatundika saa kumi na moja jioni. Binamu yangu Nabih, ambaye mlango wake uko hatua kumi na mbili kutoka wangu, alikuwa anafagia. Huyu mtu ana wakwe watatu wa kike, na vinyunya vyao vitatu bado vimeshika juu ya mlango wake, vikavu, kama nishani za jenerali. Kila siku anafagia chini yake ingawa hakuna kinachodondoka. Ndiyo sababu anafagia.

Akaegemea ufagio akaniuliza kama nimesahau kwamba miti yote humwinamia Bwana isipokuwa mforsadi, kwa sababu una kiburi. Nilikuwa nimetundika kwenye mforsadi. Nikamwambia ninajaribu uzito wa kitambaa tu. Akasema, jaribu, binamu, jaribu, nyumba yako imezoea majaribio.

Nikahamishia kwenye mlozi. Goti limechubuka.

Jumatatu, 6 Januari

Mgumu kama jiwe. Nimeugonga mezani, meza imepata alama.

Kitambaa cha Nabih kimevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Amekibeba kuzunguka mtaa mzima kabla ya misa. Mimi nilifunga changu ndani ya koti nikasema kimelala.

Mchana nikaenda dukani, nikanunua hamira pakiti mbili, nikakanda upya karibu na jiko. Mtu huisaidia imani yake kidogo. Saa tisa ulikuwa umefurika bakuli na kuanza kushuka mezani kuelekea redio.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya majaribio. Miaka ishirini na tisa nimegawa maji ya mfereji wa kijiji hiki, zamu kwa zamu, na hakuna aliyeuawa. Nilifanya hivyo kwa vipimo, si kwa mdomo. Kwa hiyo leo nikasimama kwenye ngazi na vinyunya ishirini, nikabandika kimoja kimoja kwenye jiwe la kizingiti cha juu, nikihesabu.

Kumi na saba vilianguka kabla sijafika sita. Viwili vikafika kumi na moja. Cha ishirini kilikaa vizuri mpaka Padri Istfan alipofika.

Alikuwa anazunguka kubariki nyumba, kama kila mwaka baada ya Epifania, na ndoo yake ndogo ya maji ya baraka. Akasimama mlangoni, akainua mkono, akaanza sala. Kinyunya kikatumbukia kwenye ndoo.

Padri alikitoa kwa vidole viwili. Akakinusa. Akasema anaona mwaka huu Bwana alipitia dukani. Najla akaingia jikoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nadhani alikuwa analia.

Chanzo kimejulikana. Ni baridi. Jiwe likiwa baridi kinyunya hakishiki. Nabih akasema ndiyo maana wanawe wote walioa Agosti. Akasema pia nimwambie bibi harusi aje na msumari.

Jumapili, 12 Januari

Jiwe likiwa baridi, lipashwe moto. Sijui kwa nini babu zetu hawakuliwaza hili.

Nikachomoa bomba la jiko la kuni, nikaliongeza mita nne, nikalipitisha sebuleni, juu ya picha ya harusi yetu, mpaka nyuma ya kizingiti. Nikawasha. Jiwe likapata joto kweli. Nililigusa. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja na nusu, kisha kiungio kikaachia.

Moshi ulitoka kwa milango yote. Watu watatu walikuja na ndoo. Nabih alikuja na kiti.

Tulipomaliza kufua mapazia Najla alikaa mbele yangu akakausha mikono. Hakugomba. Akasema, Baba Ramzi, tangu unioe sijakuomba kitu. Nakuomba kimoja kwenye harusi hii. Usiuguse mlango.

Nikakubali. Hakusema mpaka lini.

Ijumaa, 17 Januari

Theluji usiku kucha. Ramzi amefika saa nane mchana, magurudumu ya teksi yamefungwa minyororo, na yeye amevaa viatu vya Kuweti. Amekonda. Najla amemlisha kibe, zile kababu zake za nyama na ngano, kisha supu, kisha kibe.

Baadaye nikatoka naye kupasua kuni. Nikamweleza kwamba suala la kinyunya liko mikononi mwangu. Akaacha shoka. Akaniambia kitu ambacho sikukijua. Kinyunya cha Mirna kilipoanguka, mama yao, Bi Olga, alikiokota haraka akakificha kwenye mkoba ili watu waone kama hakikuwahi kuwepo. Mirna aliporudi kwao na masanduku, wakakikuta bado mkobani, kabatini mwa Bi Olga, kimekauka. Tangu siku hiyo Bi Olga hakandi mkate. Nyumba ile inanunua mkate wa dukani.

Kikianguka cha Rindala, akasema Ramzi, hatasema neno. Atatabasamu mpaka wageni waondoke. Atakuwa anafikiria kabati la mama yake na ule mkoba.

Nikamwambia mwanangu nitafanya kila niwezalo. Akasema, baba, nakusihi, usifanye lolote.

Najla naye aliniomba hivyo hivyo. Inaonyesha jinsi wanavyonitegemea.

Jumapili, 19 Januari

Wazo la hekima, na haligusi mlango hata kidogo. Mlango wa jikoni. Kizingiti chake ni cha mbao ya mwaloni, kiko karibu na jiko, kina joto, kina mikwaruzo. Nimejaribu vinyunya vinne. Vyote vinne vimeshika, kimoja mpaka sasa.

Nikapendekeza wakati wa chakula kwamba Rindala aingilie jikoni.

Najla akaniuliza kama ningependa pia aje amebebwa mgongoni pamoja na kuni. Akasema mkwe wake ataingia kwa mlango wa mbele, hata kama theluji imefika madirishani, hata kama mimi mwenyewe nimelala mbele ya mlango huo, na katika hali hiyo watapita juu yangu.

Ramzi alikuwa anatazama sahani yake. Wazo nimelihifadhi.

Jumatano, 22 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zitakuwa mbaya.

Najla na Ramzi walishuka Batrun asubuhi kwa ajili ya gauni. Nikabaki peke yangu na tarehe. Siku nne. Nikakumbuka kwamba fundi viatu wetu ana gundi ambayo soli ikishashika, mguu utaoza kabla ya kiatu. Nikaenda nikanunua kopo dogo. Nilimwambia ni la kiatu.

Mpango: tabaka jembamba tu, asubuhi ya harusi, lisiloonekana. Leo ni jaribio. Nikapaka jiwe. Nikangoja. Nikagusa kwa kidole kuona kama imekauka. Kidole kikashika. Nikaweka kiganja kusukuma ili kidole kitoke.

Hapo ndipo ngazi ilipoteleza kwenye barafu. Nashukuru mimi ni mrefu. Nikabaki nimesimama kwa vidole vya miguu, mkono juu ya mlango wangu, ngazi imelala uani.

Nilikaa hivyo robo saa. Kisha Nabih akatoka kufagia.

Nikaegemea kichwa kwenye mkono, kama mtu anayepumzika na kutazama milima. Nabih akaja, akaitazama milima na yeye. Akasema ukungu utashuka. Nikasema utashuka. Akanieleza habari za jino lake. Akanieleza habari za mkwe wake wa kwanza, wa pili, na wa tatu, na siku walizobandika, na jinsi kila kinyunya kilivyopiga kelele kidogo kiliposhika, paf, kama busu. Akaniuliza kama sitamkaribisha ndani. Nikasema nimeushikilia mlango. Akasema, binamu, mlango huu ni wa mawe, umesimama miaka mia bila wewe.

Mwishowe akasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Akaenda kwake, akarudi na debe la mafuta ya zeituni, akasimama juu ya kiti chake akanimiminia. Hakubania, hilo nalikiri. Mafuta yalipita mkononi, kwapani, mpaka kwenye soksi. Mkono ukatoka. Ngozi kidogo imebaki pale. Jiwe likayanywa mafuta yote mpaka likawa jeusi.

Najla alirudi jioni. Alisimama mlangoni akatazama juu, kisha akanitazama mimi na kitambaa kilichofunga mkono wangu.

Mafuta, akasema. Tena.

Akaingia ndani. Hilo neno tena, sijui lilikuwa la nini. Mafuta tunatumia kila siku.

Jumamosi, 25 Januari

Tangu Alhamisi Najla anasugua kizingiti. Majivu, maji yanayochemka, brashi ya farasi. Anasugua asubuhi, anaacha kikauke kwa upepo, anasugua jioni. Hataki kusaidiwa. Nilimwambia asiuchoshe mkono, anayebandika ni bibi harusi, si yeye. Akacheka. Si kicheko ninachokipenda.

Ngazi haipo. Ramzi ameipeleka kwa Padri Istfan. Kopo la gundi pia limetoweka, ingawa nilikuwa nimelificha ndani ya buti. Buti moja. Kwenye buti la pili nilikuwa na kopo jingine, nililonunua jana.

Kinyunya Najla amekikanda mwenyewe, kwa chachu yake ya kila siku, ile ya mtungi wa udongo aliyoirithi kwa mama yake. Nikamkumbusha chachu yangu ya Epifania. Akasema kuku wameila na wanaendelea vizuri. Usiku bakuli litalala kitandani katikati yetu, limefungwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Mimi nimepewa ukingo.

Nilimwuliza kama ana hofu. Akasema hana hofu na baridi, baridi anaifahamu.

Jumapili, 26 Januari

Nitaandika kwa utaratibu.

Theluji ilikoma alfajiri. Magari tisa yalipanda kutoka Batrun, mawili yakakwama, tukayasukuma. Misa ilikuwa fupi kwa sababu jiko la kanisa lilizimika. Tulitoka kanisani tukatembea mpaka nyumbani, ngoma mbele, wanawake wakipiga vigelegele, kila kigelegele kikitoka na mvuke.

Rindala alisimama mbele ya mlango wetu. Gauni jeupe, juu yake koti la Ramzi. Bi Olga akasimama kwenye ngazi ya mawe, ameziba mdomo kwa glovu. Nabih alikuwa amejitafutia mahali pa mbele. Wakwe zake wote watatu walikuwa nyuma yake, hana aibu.

Najla akatoa kinyunya kwenye blanketi. Kilikuwa bado cha moto, kimepambwa majani makavu ya waridi na sarafu moja katikati. Rindala akapanda kigoda tulichomwekea, akavua glovu. Akakipokea, akainua mkono, akabandika.

Ngoma ikanyamaza. Akaanza kuondoa kiganja.

Kikasogea. Nilikiona mimi, nilikuwa karibu kuliko wote. Kiliteremka upana wa kidole kimoja, pale pale kwenye weusi wa mafuta. Rindala alikiona. Hakugeuka kumtazama mama yake. Nabih akasema aah, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amejiandaa kuisema.

Nilikuwa na lile kopo la pili mfukoni. Nikapiga hatua. Ramzi akanikanyaga mguu. Alikanyaga kwa uzito wake wote, na kibe ya siku tisa.

Najla akapita katikati yetu. Akapanda kigoda kile kile, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Rindala, mkono ule ule ambao kijiji kizima kinauita baridi, akausukuma kwenye jiwe. Akasema, usitoe mkono, mwanangu. Mimi nami sitoi.

Wakakaa hivyo. Wanawake wakapiga vigelegele, wakaishiwa pumzi, wakaanza upya. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi una beti tano. Tuliuimba mara nne. Theluji ikaanza tena, ndevu za padri zikawa nyeupe kuliko kanzu yake. Nabih akasema jamani, kahawa inapoa. Nikaona Najla na Rindala wanazungumza kwa sauti ndogo, na Rindala akacheka.

Waliposhusha mikono kinyunya kilibaki. Kina alama ya vidole, vya Rindala ndani ya vya Najla.

Bi Olga alikaa chini kwenye ngazi, kwenye theluji, na gauni lake la hariri, akalia bila kujificha. Najla akaenda akakaa karibu naye. Mimi niliingiwa na kitu jichoni. Upepo ulikuwa mkali.

Jumatatu, 27 Januari

Asubuhi nikamkuta Najla peke yake na kahawa. Nikampongeza. Nikamwambia hatimaye mkono wake umepona, na kwamba sasa kila mtu atasahau ya zamani, kama mimi nilivyosahau.

Akanimiminia kahawa. Akasema, Baba Ramzi, mkono wangu haukuwahi kuumwa. Siku ya harusi yetu uliamka mapema ukakisugua kizingiti kwa mafuta ya zeituni ili king'ae, kwa sababu baba yake Nabih alikuwa amepaka chake rangi. Niliyasikia mafuta kwenye kiganja kabla unga haujanitoka.

Nikakumbuka. Kitambaa nilichosugulia kilikuwa cha buluu.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa bibi harusi wa dakika moja, angemwaibisha mume wake mbele ya ukoo mzima? Nikamwuliza, na baadaye? Miaka thelathini na tatu? Akanywa kahawa yake. Akasema baadaye aliona jinsi ninavyofurahia kumsamehe, akaona asininyime.

Nimeona aibu. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Walimwita mkono baridi kwenye mazishi, kisimani, mbele ya mwanawe, na yeye alikuwa anabeba debe langu la mafuta muda wote huo. Nimemwomba radhi. Akasema kahawa nimekunywa nusu tu, nimalize, inapoa.

Nimeamua kwenda kumweleza Nabih ukweli, na yeye atakieleza kijiji, hilo halihitaji kuombwa. Nitakwenda. Si leo. Ni hatua kumi na mbili na theluji ni nyingi.

Ijumaa, 31 Januari

Theluji imeyeyuka. Kwa Nabih nimekwenda, lakini nilikwenda kwa jambo jingine, na habari ile haikupata nafasi.

Ramzi na Rindala wanaondoka kesho. Leo wamekwenda kumuaga padri. Kila asubuhi Rindala hutoka nje kabla ya kahawa, akatazama juu ya mlango, akarudi ndani. Jana nilimsikia akimwambia Najla kwamba sasa hata kikianguka hajali, kwa sababu akifumba macho bado anausikia mkono wa mama juu ya wake. Mama alimaanisha Najla. Bi Olga, nimeambiwa, jana alinunua unga.

Hivyo kila kitu ni shwari. Isipokuwa leo asubuhi nilipokitazama kinyunya kwa makini. Kingo zimeanza kukauka na kuna ufa mdogo karibu na kidole gumba. Vya Nabih havina ufa. Kesho wageni watakuja kuwaaga watoto, na wote watatazama juu.

Nimefikiri kwa utulivu. Nimejifunza, na sioni haya kukiri. Mafuta kabla ya kubandika ni kosa. Nililifanya kosa hilo mara mbili na halitarudiwa. Lakini mafuta baada ya kubandika ni jambo tofauti kabisa. Ngozi ikipasuka kwa baridi tunaipaka mafuta. Ngozi haianguki.

Ngazi ndiyo niliyokwenda kuazima kwa Nabih. Alinipa bila swali hata moja, akaenda kuchukua kiti chake. Nimepaka kidogo tu, kwa unyoya, kingoni na nyuma kidogo mahali ambapo palionekana pakavu. Kinang'aa vizuri sana. Kutoka barabarani utadhani kimebandikwa leo.

Naandika haya dirishani. Najla ametoka nje, akaiona ngazi, akatazama juu. Nilitegemea neno. Amesogea mpaka chini ya mlango, ameitandaza aproni yake kwa mikono miwili, na amesimama pale pale, ametulia. Sijui anangoja nini.